Uso Unapowaka Wakati wa Kaskazi

Kaskazi imeshika. Tuko kwenye ile miezi ambayo Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na Unguja mtu huamka na jasho, akaoga, na kabla hajamaliza kufunga vifungo vya shati jasho limeshamrudia. Ndiyo miezi ambayo maswali ya nyuso humiminika: uso unawaka, uso unawasha, mashavu yamevimba, nimepaka hiki na kile wala sioni nafuu. Leo nataka tulizungumze jambo hili kwa nafasi, maana kwa maoni yangu wengi wetu uso tunauharibu kwa mikono yetu wenyewe, kisha lawama tunaitwisha hali ya hewa.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake, tusiionee wala tusiitetee. Mwili wa binadamu hupigania kubaki kwenye nyuzijoto 37 hivi. Ukipata moto, hufungua mishipa midogo ya damu iliyo chini ya ngozi ili damu ilisukume joto nje, na hutoa jasho. Jasho peke yake halipozi kitu. Kinachopoza ni kukauka kwake. Sasa pwani hewa imeshiba unyevu. Jasho linatoka, linatiririka mpaka kidevuni, halikauki. Mwili unaona joto bado liko palepale, basi unazidisha jasho na kuzidi kuifungua mishipa. Usoni mishipa hiyo ni mingi na iko juujuu. Ndiyo sababu mama lishe aliyeinamia jiko la mkaa saa sita mchana uso humpanda moto hata kama hana maradhi yoyote.

Vijitundu vya jasho navyo vikiziba, jasho hunaswa chini ya ngozi na kutoa vile vipele vidogo vinavyochomachoma, harara. Harara haihitaji dawa kubwa. Inahitaji hewa, nguo nyepesi na kuacha kujipakaza mafuta mazito. Wanaoteswa nayo kuliko wote ni watoto wachanga wanaofungwa mablanketi na kofia za sufu katika joto hili kwa sababu bibi kasema mtoto atapigwa na upepo. Kwa heshima zote, bibi: mfunueni mtoto.

Tuje kwenye lile linalotuponyoka. Wengi tunaamini kwamba uso kuwa mwekundu ni shida ya Wazungu. Mtalii anashuka kwenye boti Forodhani mashavu yamemwiva, tunamwonea huruma, tunaendelea na safari zetu. Hata utabibu ulikuwa na upofu huo. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Harvard, Thomas Fitzpatrick, alitunga kipimo cha kuzigawa ngozi kwa namna zinavyoungua na kubadilika rangi juani. Kilianza na aina 4, zilizowalenga zaidi watu weupe. Aina ya 5 na ya 6, yaani sisi, ziliongezwa baadaye. Picha katika vitabu vingi vya maradhi ya ngozi nazo kwa miaka mingi zilikuwa za ngozi nyeupe, kwa hiyo hata daktari Mwafrika aliweza kuhitimu akiijua sura ya wekundu kwenye shavu la Mzungu kuliko kwenye shavu la dada yake.

Kwenye ngozi yetu damu iliyojaa chini haionekani nyekundu. Melanini inaifunika. Utaona rangi ya zambarau iliyofifia, au kahawia iliyoiva sana, au kijivu, au utaona tu kwamba sehemu ile inang'aa na imekuwa nyeusi kuliko jana. Mwenye ngozi ya maji ya kunde ataona wekundu kidogo; mweusi tititi haoni kitu, anahisi tu. Kwa hiyo usiulize kioo peke yake. Simama dirishani kwenye nuru ya mchana, uachane na taa ya bafuni. Weka mgongo wa mkono kwenye shavu, kisha shingoni, ulinganishe joto. Bonyeza bilauri safi ya kioo juu ya shavu, ukiachia uangalie kama rangi ilipauka ikarudi. Zaidi ya yote, uliza hisia: je, uso unakaza baada ya kunawa? Je, maji matupu yanachoma? Je, losheni uliyoizoea miaka yote sasa inawasha? Hizo ni dalili za ngozi iliyochokozwa, iwe nyekundu isiwe nyekundu.

Na hapo ndipo balaa linapoanzia. Ngozi nyeusi ikichokozwa, zile seli zinazotengeneza rangi nazo hushtuka zikamwaga melanini kupita kiasi. Mwasho unapita, baka jeusi linabaki, na linaweza kukaa miezi. Mwenye uso hakuuona ule wekundu wa mwanzo, anachokiona ni weusi. Basi anakwenda dukani na shida ambayo siyo aliyo nayo. Anasema, nipe cha kuondoa mabaka. Anauziwa kikali, kile kikali kinaichokoza ngozi upya, ngozi inamwaga melanini tena, mabaka yanaongezeka, anarudi kuomba kikali zaidi. Mzunguko huu ukiuelewa umekwisha kuelewa sehemu kubwa ya nyuso zinazoungua mjini.

Mkorogo mnaujua. Losheni ya huku, jeli ya kule, tyubu moja au mbili za dawa, na wapo wanaotia hata dawa ya kufulia nguo nyeupe. Unauzwa kwenye kopo lisilo na jina, na muuzaji anaapa kwamba ni wa asili. Haidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda. Mkataba wa Minamata, ule uliokubaliwa mwaka 2013 na kupewa jina la mji wa Japani ambako watu waliathirika kwa zebaki ya kiwandani, uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza na kuuza nje krimu za kung'arisha zenye zebaki. Marufuku ziko, makopo yako, na sote tunapita mbele yake tukienda kununua sukari.

Lakini leo sitaki kukaa sana kwenye zebaki. Kinachonisumbua zaidi ni ile tyubu ndogo ya duka la dawa, kwa sababu hiyo ni dawa halali. Ndani yake mna steroidi, klobetasoli au betamethasoni. Nguvu ya klobetasoli ni mamia ya mara ya haidrokotisoni, ile steroidi nyepesi inayoruhusiwa usoni kwa siku chache. Daktari akikuandikia klobetasoli kwa pumu ya ngozi iliyokomaa mikononi, kwa wiki mbili, ni dawa nzuri na inasaidia. Tatizo ni kwamba tyubu hiyo inanunuliwa bila cheti, inapakwa usoni ambako ngozi ni nyembamba na inafyonza haraka, tena kila siku, mwaka mzima.

Wiki ya kwanza ni ya maajabu, lazima niseme ukweli. Steroidi huibana mishipa, kwa hiyo joto la uso linaondoka. Inazima mwasho. Inapunguza rangi. Chunusi zinalala. Jirani anakwambia umetakata, shemeji anauliza siku hizi unapaka nini. Nani ataiacha dawa kama hiyo? Baada ya miezi ngozi inakonda, mishipa inaonekana kama nyuzi, vinyweleo vinaota mashavuni, vipele vidogo vinazunguka mdomo na pua. Na ukikosa kupaka siku mbili tatu, mishipa iliyokuwa imebanwa inafunguka kwa pamoja: uso unavimba, unawaka, hulali usingizi. Mtu anakimbilia tyubu akiamini ngozi yake ni mbovu na dawa ndiyo inayoishikilia. Dawa ndiyo iliyoifikisha pale.

Anayetaka kutoka humo ajue mapema kwamba atapita kipindi kibaya kabla ya kupona, kipindi cha wiki na mara nyingi miezi. Wengi wanarudi nyuma hapohapo kwa sababu hakuna aliyewaambia. Wala usikate ghafla peke yako kama umepaka muda mrefu. Daktari ana njia ya kukushusha taratibu, na ana dawa za kutuliza uso wakati huo.

Kuna na tyubu nyingine maarufu zaidi, ile ya tatu kwa moja: steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria pamoja. Inapendwa kwa sababu muuzaji hahitaji kujua unaumwa nini. Ukiwa na choa usoni, yale mabaka ya duara yenye kingo, steroidi itazima mwasho na kufuta kingo, wewe utasema umepona, kumbe fangasi wanasambaa chini kwa raha zao kwa sababu kinga ya ngozi imelazwa. Ukifika kwa daktari lile duara halipo tena, na yeye mwenyewe anaweza kukosea asijue ni choa. Kama una tyubu ya aina hiyo nyumbani, soma majina yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kabla ya kumpa mtoto wa jirani.

Sasa niingie jikoni kwa watu, mnisamehe. Niingie kwenye wiki ya harusi.

Bibi harusi wa pwani huwekwa ndani. Somo wake anamsinga kwa singo: karafuu, mawaridi, asumini, langilangi, vimesagwa na kuchanganywa na marashi. Anapakwa liwa. Sina ugomvi na mambo haya, ni mazuri, na nyumba yenye harufu ya singo huhitaji kuuliza kama kuna shughuli. Liwa ikipakwa nyororo inapoza. Lakini mafuta ya karafuu yana nguvu, kuna ngozi zinazochomwa nayo, na kusugua kwa chengachenga kunakofaa magotini hakufai mashavuni. Ongeza mambo ya siku hizi: saluni wanamvukiza uso kwa mvuke wa moto, wanamng'oa nywele kwa nta au uzi, wanampaka asidi ya kuchuna, halafu jioni shangazi mmoja anatokea na ndimu, kwamba inatoa uchafu. Yote hayo ndani ya siku nne. Halafu Ijumaa ya harusi uso umevimba na mpambaji anatakiwa aufunike kwa rangi.

Ndimu nataka niisemee peke yake. Ndani ya ndimu na limau mna vitu vinavyoitwa furanokumarini. Vikiwa juu ya ngozi, vikapigwa na jua, vinageuka kuwa sumu kwa seli za ngozi. Mtu anapaka asubuhi, anatoka, haoni kitu. Kesho yake au kesho kutwa ngozi inachoma na kutoka malengelenge, kisha panabaki weusi wa miezi. Hata aliyekamua ndimu za achari barazani, juisi ikamtiririkia mkononi, anaweza kupata michirizi hiyo bila kujua ilikotoka. Ndimu ibaki kwenye achari.

Na piko. Ile nyeusi inayochora maua mikononi haraka kuliko hina na kukoza vizuri mara nyingi ina kemikali ya kupakia nywele rangi, parafenilinidiamini. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi ya nywele isizidi asilimia 2, na hairuhusiwi kabisa kuchorwa juu ya ngozi. Kwenye michoro ya piko hupatikana kiwango kinachozidi hapo mara kadhaa. Wengi haiwafanyi kitu. Wachache mwili huikataa, mkono unatutumka kufuata mchoro uleule, ua na jani. Kilicho kibaya ni kwamba mwili ukishaikataa mara moja hauisahau. Miaka mingi baadaye mtu huyo anapaka nywele zake rangi nyeusi ili kuficha mvi, na asubuhi macho hayafunguki kwa uvimbe. Hakuna anayekumbuka piko ya harusi. Basi ukiwa uliwahi kututumka kwa piko, mwambie kila mtu anayekushika nywele, na piko usiguse tena. Hina ya majani matupu, ile inayotoa rangi ya kahawia nyekundu na inayotaka subira ya saa kadhaa, haina kemikali hiyo.

Kuna ugonjwa mmoja hasa wa wekundu wa uso, unaitwa rozasia. Huwashika zaidi watu wazima kuanzia miaka ya 30 hivi. Mashavu, pua, kidevu na paji huwaka moto, mara kwa mara, kisha kwa kudumu. Vinatoka vipele vinavyofanana na chunusi lakini havina vichwa vyeusi. Macho yanaweza kukauka na kuchoma kana kwamba yameingia mchanga. Kwa watu weusi umekuwa ukihesabiwa kuwa nadra. Mimi nashawishika na madaktari wanaosema hauonekani kwa sababu hautafutwi. Mama wa miaka 45 mwenye vipele na uso unaochoma anaambiwa ana chunusi za uzeeni, anapewa dawa ya chunusi, nayo inamchoma zaidi.

Rozasia huchochewa na jua, joto, pombe, hasira na pilipili. Ya pilipili ina sababu tamu kidogo. Mwaka 1997 maabara ya David Julius kule California iligundua mlango kwenye neva za fahamu unaofunguliwa na ukali wa pilipili, na mlango huohuo hufunguliwa na joto la nyuzi 43 hivi. Kwa neva zako pilipili ni moto, si kwa mfano, ni ishara ileile. Julius alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2021 kwa kazi hiyo. Kwa hiyo mwenye rozasia anayekunywa urojo wa moto wenye pilipili mchana wa Februari anaupa uso moto mara tatu.

Kahawa nayo imesingiziwa sana. Mwaka 1981 daktari mmoja wa Marekani, Jonathan Wilkin, aliwapa wagonjwa wa rozasia kahawa ya moto, kahawa iliyopoa, na maji ya moto. Kilichowasha uso ni moto wa kinywaji. Kahawa iliyopoa haikufanya kitu. Na mwaka 2018 uchunguzi wa wauguzi wa kike wa Marekani zaidi ya 82,000 ulionyesha kwamba wanywaji wa kahawa walipatwa na rozasia kwa kiwango kidogo kuliko wasiokunywa. Wazee wa kibarazani wasiache kahawa yao. Waache ipoe kidogo, na najua nimeomba jambo zito.

Dawa za rozasia zipo: jeli ya metronidazoli, asidi ya azelaiki ambayo pia inafifisha mabaka meusi bila kuunguza, na krimu ya ivamektini ya asilimia 1. Hiyo ya mwisho mnaifahamu kwa sura nyingine, ni dawa ileile tunayomezeshwa kwenye kampeni za matende na usubi. Usoni inafanya kazi kwa kiasi fulani kwa kupunguza vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye matundu ya vinyweleo. Asiwepo mtu wa kusaga vidonge vya matende akapaka usoni. Naijua hadhira yangu.

Wa bara na wa ziwani wataniuliza kuhusu yule mdudu anayeunguza uso. Ni kweli. Mvua zikizidi, kama ilivyokuwa El Niño ya 1997 na 1998, hutokea mdudu mwembamba mwenye mwili wa rangi ya chungwa na mweusi, hufuata taa usiku. Haumi wala hachomi. Ukimponda kwenye ngozi hutoa sumu iitwayo pederini, na baada ya siku moja au mbili unakuta mstari wa moto shavuni au jicho limevimba, ndiyo watu wakaita jicho la Nairobi. Ukimhisi shingoni usimpige kofi. Mpulize, au mwache apande karatasi. Umekwisha kumponda? Nawa kwa sabuni na maji mengi, usiguse macho.

Basi tufanye nini na uso katika joto hili? Ushauri wangu ni wa kupunguza. Kwa wiki nne acha kila kitu kinachong'arisha, kinachochuna, kinachonukia na kinachosisimua. Menthol ile inayokupa ubaridi mtamu ni uchokozi uliovaa kanzu. Bakiza kitu cha kuoshea, kitu cha kulainisha kama ngozi inakaza, na kinga ya jua.

Kuosha: ngozi ina uasidi kidogo, kipimo chake ni karibu 5, wakati sabuni ya kipande ni 9 au 10, na sabuni ya mche ya kufulia ndiyo kali zaidi. Tumia ya uso isiyo na manukato, au hata maji matupu asubuhi. Mitaa mingi ya Dar es Salaam tunaoga maji ya kisima ya chumvi. Maji hayo na sabuni hutengeneza utando unaobaki usoni na kuwasha. Kama huna maji baridi ya kutosha, tenga hata kikombe kimoja cha kusuuzia uso mwishoni. Ukirudi nyumbani na jasho, suuza kwa maji, usisugue kwa taulo, gusagusa tu mpaka ukauke. Kitambaa cha kufutia jasho kifuliwe kila siku; kile kinachokaa mfukoni mwa dereva wa bodaboda wiki nzima ni chakula cha vijidudu.

Kulainisha: mafuta ya mgando ni mazuri kwa miguu ya kipupwe, lakini usoni wakati wa kaskazi yananasa joto na jasho. Mafuta ya nazi, hapa najua nagusa imani za watu, si rafiki wa kila uso. Kuna fangasi aitwaye malasezia anayeishi kwenye ngozi zetu sote na anakula mafuta. Katika joto na unyevu anaongezeka, anatoa vipele vidogo vya saizi moja, vinavyowasha, hasa kwenye paji la uso. Watu wanaviita chunusi na kuvipaka mafuta zaidi. Ukiwa na vipele vya namna hiyo, nazi ibaki kwenye wali. Losheni nyepesi yenye glisarini inakutosha.

Jua: hapa karibu na Ikweta kipimo cha miale ya jua mchana hupita 11 miezi mingi, na 11 ndipo Shirika la Afya Duniani linapoanzia kuhesabu hatari kupita kiasi. Mchanga mkavu wa pwani unarudisha juu karibu asilimia 15 ya miale hiyo na povu la bahari robo yake, kwa hiyo wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani wanapigwa kutoka juu na kutoka chini. Kanga kichwani, kofia pana, mwamvuli ambao wanaume tunaona aibu kuushika, na kukwepa jua la saa nne hadi saa tisa. Mafuta ya jua ya SPF 30 au zaidi yanasaidia, hasa yenye rangi ya kahawia, kwa sababu oksidi za chuma zilizomo huzuia pia mwanga wa kawaida unaokoza mabaka kwenye ngozi nyeusi, na hayakuachi mweupe kama unga wa muhogo. Kwa mweusi asiye na pesa, kivuli kwanza.

Kwa mtu mwenye ualbino maneno yangu ya kivuli kwanza hayatoshi. Wekundu wake unaonekana, na ni kuungua, na kuungua huko mara kwa mara huishia kwenye saratani ya ngozi. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400, idadi kubwa kuliko nchi nyingi duniani. Pale KCMC, Moshi, kwenye kituo cha kufundisha wataalamu wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ndipo yalipoanza kutengenezwa mafuta ya Kilisun kwa ajili yao. Mzazi, mwalimu, mtoto huyo akae kwenye dawati lililo mbali na dirisha, na shati la mikono mirefu lisichukuliwe kuwa kosa la sare.

Kuna nyuso ambazo hazifai kusubiri wiki nne. Wekundu au weusi unaotanda mashavuni na juu ya pua kwa umbo la kipepeo, pamoja na maumivu ya viungo, vidonda mdomoni na uchovu usioisha, unaweza kuwa lupasi, na huo unaweza kuanza usoni ukafika kwenye figo. Uso uliovimba ghafla na midomo, pumzi ikibana, ni hospitali sasa hivi. Ngozi inayochoma na kubabuka siku chache baada ya kuanza dawa mpya, hasa zenye salfa, huku macho mekundu na mdomo umechubuka, ni hospitali sasa hivi pia, na chukua dawa hiyo mkononi. Aliyeandikiwa doksisaiklini akaona jua linamuunguza kuliko kawaida arudi kwa aliyemwandikia aulize.

Na siku ukienda kwa daktari wa ngozi, weka kila unachopaka kwenye mfuko uende nacho: sabuni, losheni, tyubu, ile chupa ya singo, na lile kopo lisilo na jina. Hasa hilo. Usilisafishe, na usimwambie napaka mafuta ya mtoto tu, maana atakuandikia dawa ya mtu anayepaka mafuta ya mtoto tu.